Paswedi ya Kwa Muaz

Ignasi, fundi seremala wa Masasi, alishuka Dar es Salaam asubuhi akiwa na mfuko mdogo na simu iliyopasuka kioo pembeni. Alikuja kwa jambo moja tu: kumwona binti yake Stella kabla hajapanda ndege jioni ile kwenda Maskati, kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Stella alikuwa amefikia kwa wakala aliyempatia kazi, mahali fulani mjini.

"Ukifika, baba, fungua WhatsApp. Utakuta nimekutumia mtaa na jina la jengo," alikuwa amemwambia.

Kwa simu ya kawaida Stella hakupatikana tena. Laini yake alimwachia mdogo wake nyumbani, yeye akabaki na wifi ya wakala.

Pale Kariakoo, Ignasi alikuta simu yake haishiki mtandao. Akadhani bando limekwisha, akamwendea dada muuza vocha upande wa Msimbazi. Dada akaigeuzageuza simu, akaizima, akaiwasha.

"Baba, laini hii imefungwa. Imesajiliwa kwa jina lako?"

"Kwa jina la shemeji yangu, Nassibu. Wakati ule kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka."

Dada akamwazima simu yake ampigie. Nassibu akapokea kwa uchangamfu. "Shemeji! Jana nimehakiki namba zilizosajiliwa kwa jina langu, nikakuta moja siijui. Nikaikana palepale. Matapeli wamezidi!"

"Inaishia na ngapi?"

Nassibu akazisoma tarakimu za mwisho, kisha akazirudia polepole.

"Loo," akasema. "Kumbe tapeli ni wewe."

Kuirudisha laini kulimtaka Nassibu mwenyewe na kidole chake, na kidole kilikuwa Masasi.

"Tafuta wifi ya bure, baba," dada akamshauri. "WhatsApp itafunguka hata bila laini."

Basi Ignasi akazunguka na simu mkononi kama mtu anayepima unyevu wa mbao. Mitandao ilikuwa mingi, majina yamepangana kwenye kioo, karibu yote ina alama ya kufuli. Mbele ya duka moja la simu akapata usio na kufuli. Akabonyeza. Ukamtaka aandike namba yake atumiwe tarakimu za kuingilia. Akaiandika, akasubiri, mpaka akatambua kuwa tarakimu zimetumwa kwenye laini ileile iliyofungwa.

Alimwomba kijana mmoja muuza mikanda amrushie mtandao kidogo. Kijana akacheka. "Mzee, hapa Bongo hata simu hatuazimani. Nikikupa mtandao, kesho naitwa polisi."

Jua lilikuwa la utosi alipoona karatasi kwenye mlango wa mgahawa: WIFI BURE KWA WATEJA. Akaingia, akaagiza chai. Mwenye mgahawa, kijana wa Kiarabu aitwaye Muaz, alikuwa kaunta akifunga sambusa huku ameibana simu kwa bega.

"Mwanangu, paswedi yenu ni ipi?"

"Shikamoo," akasema Muaz.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mzee. Herufi ndogo," akajibu Muaz, akamgeukia mteja mwingine.

Ignasi akaandika polepole, kwa kidole kimoja: herufindogo. Ikakataa. Akatenganisha maneno mawili. Ikakataa.

"Mwanangu, inakataa."

"Jaribu tena, mzee, leo mtandao unasumbua," Muaz akasema bila kuinua kichwa. Watu wa chakula cha mchana walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

Akajaribu tena na tena, mpaka akaona haya kukalia kiti kwa kikombe kitupu. Akatoka. Alisimama kwenye kivuli cha duka la kanga, asijue aelekee wapi. Mwenye duka, mama mnene aitwaye Sabaha, akamkaribisha kigoda na kumuuliza anaumwa nini. Ignasi akamweleza yote, hata ile herufi ndogo.

"Kwa Muaz hapo?" Sabaha akaangua kicheko, halafu akajiziba mdomo. "Baba'ngu wee! Shikamoo ndiyo paswedi yenyewe! Herufi ndogo maana yake uiandike kwa herufi ndogo. Na wewe ukaitikia!"

"Kaniamkia mtoto wa watu, nisiitikie?"

"Haya, nenda, nenda upesi. Ningekurushia wa kwangu, bando limekata tangu asubuhi."

Adhana ya alasiri ilikuwa ikisomwa alipoingia tena kwa Muaz. Safari hii mtandao ukakubali. Simu ikatetemeka mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulitaja jengo moja la Upanga, nyuma ya hospitali, mwendo mfupi tu kwa bajaji. Uliofuata: Baba umefika? Mwingine: Nipo getini nakuangalia. Mwingine: Wanasema gari haliwezi kusubiri. Wa mwisho: Tupo uwanja wa ndege, nimeshapita ndani, huku hawaruhusu kurudi.

Akapiga simu ya picha. Stella akatokea, amevaa baibui, nyuma yake watu na mabegi.

"Baba! Ulikuwa wapi? Mimi nili..."

Sauti ikakatika. Picha ikaganda, Stella mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu.

"Stella, nilikuja," Ignasi akasema kwa nguvu, watu wakageuka. "Nipo hapahapa Kariakoo. Nilikuwepo tangu asubuhi."

Hakuna kilichosogea kwenye kioo. Muaz akaja kufuta meza, akachungulia.

"Wakiwa wengi inaganda hivyo, mzee. Ni kungoja tu."

Ignasi akangoja, mkono umemkakamaa, akiogopa kugusa chochote asije akaipoteza ile picha. Ikapotea yenyewe. Akapiga tena, ikaita muda mrefu, haikupokelewa. Akapiga mara nyingine, na safari hii haikuita kabisa.