Picha Niliyompiga Mama Nikiwa Mlangoni

Mama yangu hunitania kwa kuniita mtu wa mlangoni. Nikienda kwake Ujiji namwamkia nikiwa nimesimama kwenye kizingiti, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na nje bodaboda inaunguruma kunisubiri. Namuuliza kama dawa za presha zipo, kama mkaa upo, nampa nilichomletea, naondoka. Studio yangu ya picha iko Mwanga, mji huohuo, na kutoka Mwanga hadi Ujiji si safari ya mtu kujitetea nayo. Ni mimi tu. Miguu yangu inawasha. Hata msibani nikikaa dakika tano nainuka kutafuta sufuria ya kuosha.

Jumapili moja mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alinitumia ujumbe wa sauti. Aliolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana, na huko ndiko alikozeekea. Dada yake amemwona mara chache sana tangu hapo, mara nyingi kwenye misiba. Alisema macho yake yanakwisha. Daktari amemwambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka taratibu. Pembeni haoni tena, anaona katikati tu, na kitu lazima akilete karibu na uso. Mwanga wa simu unamuumiza. Akaomba picha ya dada yake kwenye karatasi, kubwa, ya kushika mkononi.

"Kila kitu kitaondoka, nimekubali," alisema. "Lakini sura ya dada yangu nataka iwe ya mwisho kuondoka."

Nilisikiliza ujumbe ule mara tatu nikizunguka zunguka studio. Kisha nikampigia jirani yetu mmoja, mwanamke anayepeleka chumvi Kalemie. Akaniambia boti yake inaondoka Jumamosi asubuhi, na baada ya hiyo hajui lini tena.

Mpiga picha mwenye akili timamu angekwenda Ujiji kesho yake na kazi ingekwisha. Mimi nilikuwa na lenzi mbili. Mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anapunguza vifaa vyake, akanitumia lenzi hizo kwa basi ili nizijaribu, nibaki na moja na nyingine nimrudishie. Moja ni ya thelathini na tano, fupi, nyepesi, haina makuu. Nyingine ni ya themanini na tano, nzito, ina kioo kipana kama mdomo wa bakuli. Kwa asiyejua mambo haya, namba ikiwa ndogo inabidi umsogelee unayempiga, na ikiwa kubwa inabidi urudi nyuma.

Kurudi nyuma ndiko kulikokuwa na shida. Studio yangu ni hatua nne kutoka kwenye pazia hadi mlangoni. Jumatatu nilimketisha bibi harusi mtarajiwa kwenye stuli, nikaweka ile ya themanini na tano, nikarudi nyuma hadi nikatoka kabisa nje, nikasimama katikati ya mafundi cherehani wa kibarazani. Nikapiga picha juu ya vichwa vyao. Fundi mmoja akauliza kama bibi harusi ana ugonjwa wa kuambukiza. Lakini picha ilipotoka, wote waliacha kushona wakaja kuitazama. Uso ulikuwa umetulia, pua imekaa mahali pake, na pazia langu lenye viraka limeyeyuka nyuma likawa ukungu.

Ningeishia hapo, ila si tabia yangu. Nilitazama video za mtandaoni mpaka shingo ikauma. Watu wa nchi za mbali, kwenye vyumba vyenye dari ndefu, wananifundisha habari ya nyuso. Wote walikubaliana kwamba picha ya uso ni themanini na tano, na kwamba thelathini na tano inakuza pua. Pua ya mama yangu haihitaji kusaidiwa. Hata hivyo nikasema acha nijaribu nje. Jumanne nikaenda Bangwe, ufukweni, kwa kina mama wanaoanika dagaa. Niliwaamkia kwa Kiha, mwakeye, wakaitikia wakicheka lafudhi yangu, wakakubali kupigwa. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na kwa ile lenzi ndefu nilikuwa mbali kiasi kwamba kila neno lilikuwa kelele. Inua kidevu! Geuka kidogo! Mmoja wao, mama mnene mwenye kanga kiunoni, alichoka na mimi.

"Dada, sogea basi," alisema. "Wanaonuka ni dagaa, sisi hatunuki."

Nilicheka, sikusogea. Nikarudi Mwanga nimeamua ni themanini na tano. Nilipofika Mwanga nikawa sina uhakika. Nilipomaliza kula nikawa nina uhakika tena.

Jumatano nikaenda kwa mama na lenzi hiyo peke yake, ili nisipate nafasi ya kugeuza mawazo. Alikuwa amejiandaa, amevaa mtandio wake wa rangi ya zambarau na bangili zake mbili. Nikamketisha kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama uani. Chumba chake ni kidogo. Nikarudi nyuma, nikarudi, mpaka mgongo ukagonga fremu ya mlango na kisigino kimoja kikawa nje. Hapo ndipo uso na mabega yake vikaingia vizuri. Nikamwambia ageuze uso kidogo kuelekea dirishani, kama nilivyofundishwa na wale wa mtandaoni, upande mmoja ulale kwenye kivuli. Dakika kumi hazikufika. Bodaboda hakuwa hata amezima injini.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nalisema hili bila aibu. Alhamisi niliichapisha ikatoka kubwa kama sinia, na fundi wa kuchapisha aliniuliza kama huyo mama ni mtu maarufu. Nililala kama mtoto mchanga.

Ijumaa asubuhi nikampelekea mama aione kabla ya kuisafirisha. Alivaa miwani, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti.

"Nzuri," alisema, kwa ile sauti anayosifia chakula ambacho hatakimaliza. Kisha akauliza, "Wakati unanipiga ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa hapa, mama."

"Hapa wapi?"

Nikagonga fremu ya mlango.

"Ndiyo maana," alisema. "Huyu ni mimi nikitazamwa na mtu anayeaga. Mdogo wangu hajanizoea hivi."

Nikapandwa na hasira, kwa nini nifiche. Nilimwambia boti inaondoka kesho, picha imeshachapishwa, na lenzi iliyoipiga ndiyo inayokubaliwa na dunia nzima. Alisubiri nimalize. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwa sababu ni hadithi ya kusikilizwa na mtu aliyekaa, na mimi sikai. Walipokuwa wasichana, yeye na mdogo wake hawakuwa na kioo. Kila Ijumaa walitandika mkeka penye mwanga, wakakaa goti kwa goti, mmoja akamshika mwenzake kidevu na kumpaka wanja, kisha wakabadilishana. Walifanya hivyo miaka yote mpaka asubuhi mama mdogo alipopanda boti kwenda kwa mumewe. Sura ya dada yake anayoijua ni ya umbali ule. Umbali wa kupaka wanja.

Hakunibembeleza. Aliinuka, akatoa mkeka nyuma ya kabati, akautandika chini ya dirisha, akakaa.

Nikapiga magoti mbele yake na kamera yangu, nusu kwa kumridhisha, nusu kwa kutaka kumwonyesha kwamba haiwezekani. Na kweli haikuwezekana. Ile lenzi ilianza kulia kwa ndani, ikienda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, ikitafuta uso wa mama bila kuushika. Imetengenezwa hivyo. Ukiwa karibu zaidi ya hatua moja haioni kitu. Mama alisikiliza ule mlio kwa makini.

"Nayo ni mtu wa mlangoni," akasema.

Ile fupi ilikuwa Mwanga, kwenye droo, kwa sababu ya ujanja wangu wa kuiacha ili nisibadili mawazo. Nikaruka kwenye bodaboda, nikaifuata, nikapita kwa fundi wa kuchapisha kumwomba asifunge. Akasema anafunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa na atafungua baadaye, nisimsumbue. Nilirudi Ujiji nikitokwa jasho, nikamwambia bodaboda anisubiri. Naye akasema anakwenda msikitini. Akageuza pikipiki akaondoka, na nje ya nyumba ya mama pakawa kimya.

Mama alikuwa bado mkekani. Mkononi alikuwa na kichupa cha wanja na kijiti chake.

"Nipake kwanza," alisema. "Hawezi kuniona bila wanja akanitambua."

Ninapaka wanja maharusi karibu kila wiki. Upande wa wanawake hawaingizi wapiga picha wanaume, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu, na mara nyingi nakuwa mpambaji pia. Lakini nilipokaa goti langu likagusa goti la mama, nikamshika kidevu, nilichovya kijiti mara tatu bila kuanza. Ngozi yake ilikuwa laini na ya baridi kuliko nilivyodhani. Mara ya mwisho kumgusa uso siikumbuki. Akaniambia nikimtoboa jicho itabidi twende Kalemie sote wawili, kwa daktari wa mdogo wake. Nikacheka, nikaanza na jicho la kushoto.

Hapo ndipo nilipoliona kovu. Liko chini ya nyusi ya kushoto, karibu na pembe ya jicho, mstari mwembamba mweupe usiozidi punje ya mchele. Nikamuuliza ni la nini. Akasema ni kijiti cha wanja, mtu alimwita, akageuka ghafla, na mdogo wake akachelewa kuutoa mkono. Mdogo wake alilia kuliko yeye. Nina miaka thelathini na minane na nimepiga picha nusu ya nyuso za mji huu. Kovu hilo sikuwahi kuliona. Kwenye picha yangu nzuri lilikuwa upande ule nilioulaza kivulini.

Nikaweka lenzi fupi, nikapiga bila kuinuka. Pua ilikua, ndiyo, wale wa mtandaoni hawakusema uongo. Mikono yake ilionekana, na ukingo wa mkeka, na kalenda ya ukutani ikasomeka. Alitazama moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi. Nilimwonea wivu mama mdogo, wivu wa kitoto kabisa, nikaendelea kupiga mpaka mama akasema imetosha.

Fundi alifungua baada ya sala kama alivyoahidi, na Jumamosi asubuhi mwanamke wa chumvi alipanda boti na picha ikiwa imelazwa katikati ya maboksi mawili bapa. Jibu lilikuja Jumatano. Nikalipeleka Ujiji, nikaliweka kwa sauti kubwa ili mama asikie. Kwanza palikuwa na mlio wa karatasi na pumzi ya mtu aliyeweka simu karibu mno na mdomo. Alikuwa anatafuta kitu, tulimsikia akihema polepole.

"Kovu langu hili hapa," mama mdogo alisema. Tukasikia anapenga kamasi. "Dada, nani kakupaka wanja huu? Jicho la kushoto umezidi."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Alinionyesha kwa kidole, kana kwamba mdogo wake angeweza kuona, akasema ni huyu hapa, ni huyu hapa. Akaniomba niurudie ujumbe. Niliurudia mara nne.

Kisha akaenda kwenye kabati akatoa picha ya kwanza, ile ya themanini na tano, aliyokuwa ameifunga vizuri kwa kitambaa. Sikujua kwamba aliitunza. Akanipa.

"Hii chukua wewe," alisema, bila hasira yoyote. "Sura hii ndiyo unayoijua."

Niliipokea. Nje bodaboda akapiga honi. Mama akaniambia niende, nisimcheleweshe mtu wa watu, na mimi nikaenda.

Ile lenzi ndefu niliirudisha Dar es Salaam, nikabaki na fupi, ingawa maharusi wengine hulalamika kuhusu pua zao. Picha ya mama ya mlangoni niliitundika studio, juu ya kiti cha wateja. Hakuna anayeingia asiisifu. Wanauliza ilipigwa kwa lenzi gani, nawatajia. Wanauliza huyu ni nani, nawaambia ni mama yangu mzazi. Wengine huitazama zaidi, wakasema inaonekana wazi kwamba aliyeipiga anamjua sana huyu mama. Hapo huwa nainuka kutafuta kitu cha kufanya.