Loisi, Mbeba Maneno wa Ketrina

Ketrina wa Mbozi ni mwanamke wa kusimama na lake. Jembe lake haliazimwi, kahawa yake haichumwi na mkono wa mwingine, na mkwe wake hamtazami usoni. Hilo la mwisho si kiburi, ni heshima. Kwao, mama na mume wa binti yake hawasemezani. Mwenye neno humtuma mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wake Loisi. Alipoachishwa ziwa, mama yake akiwa na mimba nyingine huko Tunduma, aliletwa kwa bibi na maneno yake mawili: "maji" na "sitaki". Ombeni, baba yake, akija kumwona, hukaa uani, Ketrina hubaki jikoni, naye Loisi hutembea katikati. Kiswahili cha baba huingia jikoni kikawa Kinyiha, Kinyiha cha bibi hutoka kikawa Kiswahili. Mwanzoni alifikisha mkia wa ujumbe tu. "Mwambie bibi nimeleta sukari na mafuta," baba akisema, mtoto alifika na "Mafuta." Siku zikaenda, ikawa "Baba mafuta." Kisha "Baba leta mafuta."

Majirani walimsihi Ketrina amfundishe kusema.

"Ndama hufundishwa kuruka?" akawajibu. "Mwacheni. Anakusanya."

Kwa bibi maneno yakaongezeka, lakini kwa baba alirudisha "Ndiyo" na "Hapana" tu. Ombeni ni wakala wa mizigo mpakani, na simu haimtoki sikioni. Basi asubuhi moja akaja na begi tupu.

"Mwambie bibi leo nakuchukua. Umekuwa mkubwa na bado huongei. Tunduma kuna chekechea."

Loisi akaingia jikoni. "Bibi, baba anataka kunichukua. Amekuja na begi."

Mwiko ukasimama chunguni. Nyumba ile, bila Loisi, ingebaki na kuku.

"Mwambie haendi mtu!"

Loisi akatoka. Ketrina akatega sikio ukutani.

"Baba, bibi anasema haendi mtu. Anasema ukija unaongea na simu, mimi nikikuita huitiki, ndiyo maana nanyamaza. Anasema ukitaka nije Tunduma, kwanza uizime."

Ketrina akajiziba mdomo. Hakumtuma hayo! Akataka kutoka akayakane, lakini angeyakana vipi kwa mtu asiyesemezana naye?

Huko uani Ombeni akaangua kicheko hadi akakohoa. "Loo! Na mimi nasema mtoto haongei!" Simu ikaita, akaizima. "Haya, mwambie bibi nimesikia. Begi narudi nalo. Nikija tena tutaongea mimi na wewe, mpaka uchoke."

Loisi akarudi jikoni. "Baba anasema nikae. Anasema tutaongea mpaka achoke yeye."

"Na yale mengine, nani kakutuma?"

"Wewe, bibi."

"Mimi? Lini?"

"Ulikuwa hujasema bado."

Ketrina akamkwangulia ukoko wa ugali, ule asiomgawia mtu.