Ladu ya Mama Yake Jivan

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu hapa hapa Msambweni, miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya, na aliyepatwa nayo ni mume wa dada yangu, Bakari, mtu mwenye majivuno kuliko wote niliopata kula nao sahani moja.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikishona barazani kwa Mzee Jivan, Mhindu mwenye duka la vyakula. Uhuru ulipokuja wanawe waliamua kuhama naye, na mzee akatangaza kwamba duka atamwachia mtu wa hapa. Bakari alilitaka duka lile mpaka usingizi ukampotea. Kazi hana, lakini tayari alikuwa akitembea mji mzima akijiita tajiri. Mzee hakuwa na masharti mengi. Alimwambia aje kwenye ibada yao ya mwisho, akae nao mkekani, ale walichopika, wapate kujuana. Je, hilo ni jambo gumu?

Tulikwenda baada ya magharibi. Uani walikusanyika Wahindu wa Msambweni na jamaa zao waliofanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Viatu viliachwa mlangoni. Palikuwa na matoazi na kinanda cha mkono, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakimpokea, jina la mungu wao likirudiwa tena na tena. Maneno sikuyaelewa, lakini sauti zilikuwa nzuri, kwa nini niseme uongo? Bakari alinipiga kiwiko kila mara akitaka nicheke naye. Mtu amekuja kuomba duka, na anamkejeli mwenye duka uani kwake!

Chakula kikaletwa kwenye majani ya mgomba: puri, vile vimkate vya kukaangwa, dengu, na ladu, vidonge vitamu vya unga na samli, vilivyokuwa vimewekwa kwanza mbele ya masanamu yao. Mimi nilimwambia Mzee Jivan kwa adabu kwamba kilichowekwa pale dini yangu hainiruhusu. Hakuudhika hata kidogo, akaniletea ndizi na chai. Bakari ni Mwislamu kama mimi, lakini aliogopa duka lisimponyoke. Akajifanya anatafuna, huku ladu na vipande vya puri vikiishia kwenye leso ndani ya mfuko wa kanzu.

Hapo ndipo alipotokea bibi kizee wa Kihindi, amevaa sari nyeupe, ana alama tatu za kijani kidevuni. Alipita katikati ya watu na hakuna aliyejisogeza kumpisha. Akachutama mbele ya Bakari, akamwekea ladu nyingine.

"Mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili safi, "ile ya kwanza umeitia mfukoni. Kama huwezi kula, niambie, sitakasirika. Kama waweza, hii nakuomba uile."

Bakari akatoa lile tabasamu lake la kudanganyia watu, akaipeleka ladu mdomoni, kisha akaiteremsha mfukoni. Bibi akamtazama, akainuka, akaingia stoo. Niamini, ndugu yangu: mlango wa stoo ulikuwa umetiwa kufuli, na kufuli halikuguswa.

Nikamuuliza Mzee Jivan yule bibi ni nani, nikamweleza zile alama za kidevuni. Mzee akaweka matoazi chini. Akasema huyo ni mama yake, aliyelianzisha duka pamoja na baba yake, na kwamba mwili wake waliuchoma zamani, kabla ya uhuru. Akamgeukia Bakari huku machozi yakimtoka.

"Alikupa ladu kwa mkono wake? Ukaila?"

"Niliila yote, mzee wangu. Tamu sana."

Nikasema pale pale kwamba hakula, atoe leso tuone. Bakari akagwaya, akaitoa. Ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata doa la samli. Alivyoiona, uso wake ukachanua tena, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba amekula. Mimi nikaonekana mwongo mwenye husuda. Mzee akampa ufunguo wa duka.

Haukupita muda mrefu wateja wakaanza kurudisha vitu. Sukari ya Bakari haikolezi chai hata umwage kopo zima. Chumvi yake ukiitia mchuzini, mchuzi unabaki maji. Ukinunua kwingine, sukari ni sukari na chumvi ni chumvi. Watu wakamhama mmoja mmoja, na duka alilolitaka hivyo akalifunga kwa mkono wake mwenyewe. Dada yangu ndiye aliyeteseka. Kila alichopika, hata kwa chumvi ya kwingine, Bakari alimwambia hakina ladha, mpaka akachoka, akarudi kwetu.

Simhurumii. Mungu anisamehe, simhurumii hata chembe. Nanyi mkialikwa penye ibada ya watu, na chakula chao hamkiwezi, semeni kwa mdomo, watu wanaelewa. Ukimlaghai mwenye nyumba unaonekana, na anayekuona si lazima awe hai. Bakari siku hizi hakosi arusi wala maulidi toka hapa hadi Diani. Hujaza sahani, hula kwa pupa, kisha kwa sauti ya chini humuuliza aliyekaa ubavuni mwake:

"Eti, hiki kina chumvi?"