Shangazi wa nane

Jamani, leo hesabu yangu imemwongezea bwana harusi shangazi!

Niko kwenye harusi hapa Nyahanga. Bwana harusi ana mashangazi saba, na wamesema wazi kwamba vipande vyao vya keki vikipishana ukubwa hata kidogo, wanarudi Ushirombo na baraka zao.

Mwenyekiti wa kamati akanishikisha kisu.

"Mwalimu wa hesabu, kata sehemu sawa."

Nikamwambia, "Saba ni namba tasa, inasumbua. Wangekuwa nane ningekata nusu, robo, thumni, kazi imekwisha."

(Nilikuwa naeleza tu!)

Akatoka nje mbio. Akarudi na mama mmoja mpita njia, beseni la dagaa bado liko kichwani.

"Haya Mwalimu, nane hao."

Nikakata. Vipande vikatoka sawa, vigelegele vikapigwa, yule mama akala bila kuuliza.

Nikadhani yameisha.

Sasa hivi shangazi mkubwa anamfokea yule mama wa dagaa kwa nini hakuonekana kwenye msiba wa babu.

Naye, jamani, anaomba msamaha.

Niseme au ninyamaze?