Dakika Tisini za Hamim Kinyozi

Ukitaka kubishana na Hamim habari za mpira, mngoje kwanza aweke wembe chini. Wengi hawangoji, ndiyo maana wengi wanakubaliana naye. Saluni yake iko Bwaise: kiti kimoja kilichopandishwa juu ya matofali kwa ajili ya siku za mafuriko, kioo kimoja chenye ufa, na redio isiyozimwa. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni na kupakwa povu kidevuni, somo linaanza. Atake asitake, anahitimu.

Somo lina sura mbili. Ya kwanza ni malezi ya wachezaji. Hamim anasema mchezaji halelewi benchi. "Mtoto umpe mechi, akosee. Umpe nyingine, akosee kidogo. Ya tatu atakosea vizuri, na hapo ndipo mpira unapoanza." Sura ya pili ni dakika kumi za mwisho. Hapo, kwa maoni yake, makocha wa dunia nzima hushikwa na wazimu wa aina moja: timu inaongoza bao moja, mtu mzima mwenye akili zake anamtoa mshambuliaji na kuingiza beki. "Ukifanya hivyo umemwambia adui, karibu ndani, na viatu usivue!" Anaapa kwamba yeye hawezi kumnyoa mtu wa namna hiyo. Kwa kweli huwa anamnyoa, ila kwa huzuni.

Kuhusu mpira alioucheza yeye mwenyewe haongei sana. Alikuwa mchezaji wa akiba katika mechi nne za ujana wake, akaingizwa katika moja, dakika ya themanini na tisa. Mpira haukumfikia.

Basi Mungu akamjalia binti, kitinda mimba, na binti akajaliwa mguu wa kushoto. Nusura ana miaka kumi na tisa na anachezea Almasi Queens wa Kyebando. Au tuseme anavaa jezi yao namba kumi na saba na kukaa nayo vizuri. Mechi kumi na moja za msimu zilikuwa zimepita, na nyasi alizokanyaga ni zile za kupasha misuli moto.

Kocha wao ni Koplo Lamunu, mwanamke wa Kiacholi anayeishi kwenye kambi ya polisi Naguru. Kiswahili chake ni cha kambini, hata "habari za asubuhi" inasikika kama amri. Bahati mbaya ya Hamim ni kwamba Lamunu hanyolewi ndevu. Shingo yake haipatikani. Kwa hiyo Hamim alilazimika kumfundisha kazi akiwa pembeni mwa uwanja, kwa sauti.

"Kochi! Saa yako imesimama? Ni dakika ya sitini! Kumi na saba aingie!"

Lamunu alivumilia. Ameshika doria siku za ghasia, hawezi kushindwa na kinyozi. Kilichomshinda ni ubao. Jumamosi moja Hamim alikuja na ubao wake mwenyewe wa kubadilisha wachezaji, kipande cha boksi la sabuni kilichoandikwa 17 kwa wino mwekundu, na dakika ya sitini ilipotimia akauinua juu kwa mikono miwili. Kumi na saba wa timu ya wageni akauona. Binti mwenye adabu yule, akafungua nywele, akampungia mkono mwenzake, akatoka zake uwanjani. Kocha wake akaja mbio, refa akasimamisha mchezo, ikachukua dakika tano kujua nani amemtoa nani. Mwisho wa kesi, Lamunu alionyeshwa kadi ya manjano.

Alhamisi iliyofuata Nusura alirudi kutoka mazoezini, akaweka begi lake mlangoni, akatoa jezi, akakaa nayo.

"Baba, Afande ana ujumbe wako."

"Unaanza?" Hamim akasimama.

"Kaa kwanza. Amesema hivi: nikiingia sasa, kila mtu atasema ni wewe umeniingiza. Hata mimi nitasema hivyo. Jumamosi ukikaa kimya tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, atanitazama kama anavyowatazama wengine. Ukitoa neno, moja tu, mimi nirudishe jezi."

"Neno moja?"

"Hata Subhanallah, kama ni ya sauti."

Mubaraka, mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele pale kizingitini, alicheka hadi mchele ukamwagika. "Huyu? Kimya? Huyu hata usingizini anabadilisha wachezaji. Juzi kanisukuma, ananiambia, 'Wewe umechoka, toka.'"

"Mama Nusura, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo hofu yetu, Baba," Nusura akasema, na hakucheka. Alikuwa ameipakata jezi mapajani, ameikunja vizuri kabisa, kama kitu cha kurudishwa.

Hamim akaapa.

Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, alipita sokoni akanunua kipande cha fenesi kikubwa kama kichwa cha mteja. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Fenesi lina utomvu, linanata, na mdomo ulionata hausemi. Akakaa pembeni mwa uwanja wa Kyebando, fenesi mapajani, na kila neno lilipopanda kooni alilipiga kokwa moja likarudi lilikotoka. Kipindi cha kwanza kilikuwa na maneno mengi. Wakati wa mapumziko robo tatu ya fenesi ilikuwa tumboni, na tumbo lilianza kutoa maoni yake lenyewe.

Karibu naye alikaa Ramathan, muuza sigiri za mkaa, mteja wake wa miaka miwili na mwanafunzi wake mwaminifu kuliko wote. Hakuwahi kuja kutazama wasichana wakicheza. Leo alikuja ili amsikilize mwalimu akifundisha moja kwa moja.

"Mwalimu, mbona kimya? Jino?"

Hamim akaitikia kwa kichwa: jino.

"Pole. Basi leo nitasema mimi. Wewe ukiona nimekosea, unibonyeze."

Almasi walikuwa wanaongoza bao moja, la Whitney, mshambuliaji wao, msichana mwenye mabega ya mbeba magunia na haya za bibi harusi. Wageni, waliotoka Mukono, walikuwa wamerudi kutoka mapumziko wakiwa na hasira na upepo. Kipindi cha pili Almasi walicheza wakipanda mteremko. Hamim hakuona mengi ya mteremko huo. Macho yake yalikuwa yamehamia benchi, kwa msichana mwenye hijabu nyeusi aliyekuwa anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena.

Dakika ya themanini na moja Lamunu aligeuka. "Kumi na saba. Vua koti."

Moyo wa Hamim uliruka kama kambare aliyemwagwa sakafuni. Akasimama. Kipande cha mwisho cha fenesi kikaanguka, hakukitazama. Nusura anaingia! Bado dakika tisa, na za nyongeza juu! Kisha msaidizi wa refa akainua ubao, na Hamim akasoma namba ya anayetoka. Tisa. Whitney. Mfungaji. Na Lamunu, akiwa amemshika Nusura bega, alikuwa anamwonyesha kwa kidole mahali pa kwenda: nyuma, kushoto. Beki.

Jamani, tumhurumie mtu. Miaka ishirini anafundisha kwamba hiyo ndiyo dhambi kuu, sasa dhambi kuu inatendeka mbele ya macho yake, na iliyotumika kuitenda ni damu yake. Alikuwa kama mtu aliyepiga kelele mtaa mzima kupinga ubomoaji, halafu tingatinga linafika na anayeliendesha ni mwanawe, siku yake ya kwanza kazini. Afurahi au alie? Na vyovyote atakavyochagua, anyamaze.

Ramathan hakuwa na shida hiyo. Alisimama juu ya jiwe.

"Kochi! Banange, jamani! Unamtoa mshambuliaji, tunaongoza! Umewaambia karibu ndani, na viatu wasivue!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Ramathan akainama kwa mwalimu wake, macho yanang'aa. "Nimesema sawa?"

Hamim akatazama mawingu.

Mpira wa kwanza wa Nusura ulitoka nje. Wa pili alimpa adui mguuni. Dakika ya themanini na sita winga wa Mukono, kasichana kembamba kenye mbio za panya wa dukani, kalimjia moja kwa moja. Nusura akajitupa chini kuuwahi mpira, akaukosa. Akabaki amekaa kwenye vumbi huku mpira unapigwa katikati, kichwa, wavu. Bao moja kwa moja.

Uwanja ukanuna. Ramathan akamtazama Hamim, akafanya anachofanya mwanafunzi mwaminifu.

"Mwalimu, samahani sana. Najua ni mtoto wako. Lakini wewe mwenyewe umetufundisha, mpira haujui ndugu." Akageukia uwanja, akajaza kifua. "Toa kumi na saba! Kochi! Huyo miguu yote miwili ni ya jirani! Mrudishe kwa mama yake!"

Yalikuwa maneno ya Hamim. Miguu ya jirani ilikuwa yake, aliitunga mwaka jana kwa ajili ya beki mmoja wa taifa, na saluni nzima ilicheka hadi povu likakauka kwenye mashavu ya mteja. Beki yule naye, bila shaka, alikuwa na baba mahali fulani. Jambo hili halikuwahi kumpitia Hamim kichwani. Sasa lilipita, lilikaa, liliomba kiti.

Neno lilimpanda. Halikuwa neno la kiufundi. Lilikuwa neno la mzazi, fupi, la Kinubi, lugha ya kwao, na lilimhusu mama yake Ramathan. Akatazama chini: fenesi hakuna, mbegu tupu. Nusura alikuwa ameinuka, amejifuta vumbi, na kwa nukta moja alitazama upande huu, upande wa baba yake, kama mtu anayengoja kibao.

Hamim akavua kofia yake, ile nyeupe ya darizi, akaitia mdomoni, akaiuma.

Lamunu hakumtoa. Alisimama mikono nyuma, kama kwenye gwaride, akasema mara moja tu, wala si kwa kelele: "Kumi na saba! Simama na miguu. Usilale."

Dakika ya nyongeza yule winga akaja tena. Safari hii Nusura hakujitupa. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, akamsindikiza kama polisi anavyomsindikiza mlevi, na winga alipousogeza mpira mbele kidogo kuliko alivyotaka, Nusura akaupiga kwa ule mguu wa kushoto. Haukuwa mpira mzuri. Ulivuka mstari, ukavuka watu, ukavuka barabara, ukaenda kuulizia bei ya nyanya. Filimbi ya mwisho ikalia kabla haujarudi. Moja kwa moja, pointi moja, hakuna aliyeridhika.

Lamunu aliwakusanya wasichana wake, akawaambia yake, kisha akamwita Nusura kando, si mbali na pale aliposimama Hamim.

"Wewe. Leo umefanya kosa moja. Jumamosi unaanza, beki kushoto. Hiyo kosa ya leo usilete. Lete ingine."

"Ndiyo, Afande."

Halafu Koplo akageuka. "Mzee Hamim. Leo umenyamaza. Sasa mechi imeisha, mimi nauliza: maoni yako ni nini?"

Miaka ishirini. Makocha wangapi ametamani wamuulize swali hilo? Ramathan alisogea karibu asipitwe na neno. Hamim akatoa kofia mdomoni, akaikunjua, akatazama alama za meno kwenye darizi.

"Sina la kusema, Afande."

"Mwalimu!" Ramathan alinong'ona kwa uchungu, kama mtu aliyeona shule yake inafungwa.

Baba na binti walishika njia kwa miguu, kuelekea nyumbani Bwaise. Nusura alibeba begi begani. Walipita wachoma ndizi za gonja, wakapita mafundi wa pikipiki, na Hamim hakusema neno. Mwishowe Nusura mwenyewe akashindwa.

"Haya, Baba. Filimbi imelia. Sema."

"Naruhusiwa?"

"Mpaka Kalerwe. Tukifika Kalerwe, basi."

Hamim akavuta pumzi ya kuogelea. "Lile bao si lako! Bao lile ni la Afande! Unamtoaje Whitney, ana bao moja, ana nguvu, dakika ya themanini..."

"Whitney aliomba kutoka."

"Nani?"

"Whitney. Misuli ya paja ilimbana. Kuanzia dakika ya sitini na nane amenyoosha mkono mara tatu, akawa anakimbia kwa mguu mmoja. Uwanja mzima uliona. Afande alikuwa anamsihi, vumilia kidogo, vumilia kidogo. Kwani wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Hamim alitembea hatua kadhaa. "Benchi," akasema.

Nusura akamtazama, akahamisha begi bega la pili. Walivuka mtaro, wakangoja lori lipite.

"Yule winga, Baba. Mara ya kwanza ile. Ningemfanyaje?"

Swali lilikuwa la kweli. Aliliuliza akitazama chini, anapiga kijiwe. Hamim alijitazama ndani, katika sura ya kwanza na sura ya pili, na popote alipofunua hakukuta beki wa kushoto aliyepitwa na kasichana ka Mukono.

"Sijui," akasema. "Hapo pa beki sijawahi kucheza. Muulize Afande."

Nusura alisimama katikati ya njia, watu wakampita huku na huku. Hilo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Akatabasamu, akamshika baba yake mkono, kitu ambacho hakukifanya tangu darasa la tano, wakaendelea.

Wakaenda kama hatua ishirini.

"Ila," Hamim akasema, "kama ungeniuliza mimi..."

"Kalerwe hii hapa, Baba."