Paka wa Nyumba Mbili

"Hivi jirani, huyu paka wako, jua likishazama huwa anakwenda wapi?"

Aliyeuliza ni mama wa duka la mlango wa pili, mwanamke asiyepitwa na jambo hata akiwa amesinzia juu ya kaunta yake. Aliyeulizwa ni dobi wetu, pasi mkono mmoja, kola ya shati mkono mwingine. Hakuinua hata uso.

"Anakwenda kwa wanaume wenzake," akajibu. "Mimi simfungi kamba. Asubuhi yupo."

Wakacheka, likapita. Laiti angelichukua swali lile akalitafuna vizuri, mambo ya baadaye yasingemkuta kwa ghafla vile. Lakini ni nani hukaa chini kufikiri paka wake anakwenda wapi?

Dobi huyu alikuwa mjane. Chumba chake kilikuwa na milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa uani. Mbele palikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, imetandikwa blanketi kuukuu lenye alama za moto. Nyuma kamba za kuanikia, zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mgeni hupita kwa kuinama. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni na makoti meupe ya hospitali. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa maji kama vya mtoto mchanga, lakini akishika ncha ya shuka na wewe ukashika ncha ya pili mkamue, utaomba samahani wewe. Hakuwasha pasi kabla hajaomba Mungu. Na soksi moja ya mteja ikibaki, haimpi raha mpaka mwenyewe apatikane.

Paka alikuja kwa miguu yake mwenyewe, siku chache tu baada ya mazishi ya mume. Alikuwa wa kijivu, kifua cheupe, uso wa mtu anayekagua kazi za wengine. Akapanda juu ya rundo la mashuka yaliyonyooshwa, akajikunja, akafumba macho. Dobi akamwita Karani, na kweli hapakuwa na furushi lililotoka bila Karani kulinusa kwanza. Daktari mmoja alirudi akilalamika kwamba koti lake limeota ndevu.

"Huo ni muhuri wa karani, daktari," dobi akamwambia. "Bila huo mzigo hautoki hapa."

Sasa, dobi alikuwa na binti mmoja tu, muuguzi, aliyekwenda ng'ambo kwa kazi, akaolewa hukohuko. Siku moja akapiga simu, sauti imejaa. Alikuwa mjamzito.

"Mama, njoo. Si kutembea. Njoo tukae wote. Huku nikikosea hakuna hata wa kuniambia nimekosea."

"Nitakujaje, mama, na mimi nina paka?"

Neno lile lilimtoka jinsi mtu anavyoweka mguu kuzuia mlango usifunguliwe. Wala hakulipanga.

"Sawa," binti akasema. "Paka naye siku hizi anapanda ndege. Njoo naye. Nauli yake juu yangu."

Mguu ukaondolewa mlangoni, na mlango ukabaki wazi.

Tangu hapo dobi hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alichosimamia. Alimpa mama wa duka kigoda chake cha kufulia, kwamba yeye ndiyo huyo anaondoka. Kesho yake akapita kukiomba.

"Kigoda kimekuja kunisalimia tu?" mama wa duka akamuuliza. "Hata hakijazoea nyumba!"

"Nina mashuka ya kufua, jirani, nifulie nimesimama?"

Keshokutwa akakirudisha. Yule hakukiingiza ndani tena. Alikiacha pale mlangoni kikisubiri zamu yake. Halafu ikatokea ambayo haikuwahi kutokea: koti la daktari lilichomwa mgongoni, alama ya pasi nzima, huku mwenye pasi akitazama barabarani. Akaomba radhi, akashona kiraka, akajikaza kisabuni kama hakuna kitu. Ila moyoni alijua. Alikuwa akiomba kila alfajiri, "Mungu wangu, nionyeshe," kisha anaondoka haraka kabla hajaonyeshwa.

Hata hivyo mambo ya safari aliyafuata, maana binti alikuwa akiuliza kila mara. Seremala akamtengenezea kizimba cha safari kwa kipimo alichopewa: paka aweze kusimama masikio yasiguse juu, aweze kujigeuza, na pande zote pawe na matundu ya hewa. Aliambiwa amzoeshe taratibu, amlishie humo, kwani paka wengine huchukua wiki nyingi hawajakubali. Dobi akakiweka chini ya meza, akatia kipande cha shuka, na moyoni akatulia kidogo. Karani atakataa. Karani ana kiburi chake. Akikataa, itakuwa si yeye dobi aliyekataa.

Karani akanusa mlango, akaingia, akalala.

"Hata kubembelezwa hukutaka?" dobi akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesalitiwa.

Basi akambeba kizimbani hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mcheshi, nyuma ya soko. Alielezwa kwamba paka atachanjwa kichaa cha mbwa.

"Daktari, huyu ni paka."

"Jina tu, mama. Ugonjwa wenyewe haubagui. Lakini kwanza tumwekee chipu, kadude kadogo kama punje ya mchele, kanakaa chini ya ngozi kutambulisha mwenyewe ni nani." Akachukua mashine ya kusomea, akaipitisha mabegani mwa Karani kuhakikisha tu. Mashine ikalia.

Daktari akaipitisha tena. Ikalia tena.

"Mama, huyu amekwisha wekwa chipu."

"Na nani?"

"Na mimi!" Akamgeuza Karani uso, akamtazama vizuri. "Ndiyo maana nikasema sura hii naijua. Huyu ni wa fundi viatu wa mtaa wa nyuma yenu, anayeshinda kwenye kona ya posta. Alitaka kusafiri naye, safari ikavunjika."

"Daktari, huyu ni Karani wangu. Anashinda kwangu tangu mume wangu azikwe."

"Sikatai. Lakini chipu ikisoma mtu mwingine, uwanja wa ndege watakugeuza palepale. Fundi aje hapa aseme amekuachia, basi, tunaendelea."

Alirudi nyumbani masikio yakimwaka. Yeye ambaye hajawahi kukaa na soksi ya mtu, leo amekaa na paka mzima! Akamfungua, akampa maji, akashindwa kumtazama usoni. Mchana kutwa alikunja mashuka na kuyakunjua. Jua lilipoanza kushuka Karani akajinyoosha, akatoka zake kwa mlango wa uani. Safari hii dobi akatupa shuka, akamfuata.

Paka alipita juu ya ukuta. Dobi ikambidi azunguke na barabara, mbiombio, kandambili zikimpiga visiginoni. Alipofika mtaa wa nyuma alimkuta Karani amekwisha fika, amekaa kizingitini mwa chumba kimoja mbele ya sahani ya dagaa. Pembeni yake mzee mwembamba alikuwa kwenye kiti, amenyoosha magoti mbele kama mtu aliyeyaanika.

"Hodi, mzee wangu."

"Karibu, dada. Kama ni kiatu, niletee kesho kazini. Hapa ni mapumziko."

"Si kiatu. Ni huyo."

"Huyu? Mpangaji? Amekuibia samaki?"

"Mpangaji?"

"Ndilo jina lake. Anakuja kulala tu, kodi halipi."

"Kwangu anaitwa Karani," dobi akasema. "Anakuja kushinda tu, kazi hafanyi."

Fundi akamtazama dobi, akamtazama paka, akamtazama dobi tena.

"We bwana!" akamwambia paka. "Ndiyo maana! Kila siku najiuliza, mnyama huyu ananukia sabuni, anaoga wapi?"

"Na mimi najiuliza gundi hii amejipaka wapi!"

Wakacheka mpaka fundi akashika magoti. Paka hakuinua kichwa kwenye sahani. Walipomaliza kucheka, dobi akakaribishwa kiti, akaeleza yote: binti, ujauzito, kizimba, mashine iliyolia. Alieleza akiwa amekaa ukingoni, tayari kwa ugomvi. Njia nzima alikuwa ameupanga ugomvi huo: fundi atasema hapana, yeye atasema nimemlea, fundi atasema chipu ni yangu, na hapo itakuwa basi tena, afanyeje, paka hawezi kwenda.

Fundi akasugua gundi iliyokauka kidoleni.

"Kesho asubuhi kabla ya kazi tupite kwa daktari," akasema. "Nitakuachia. Mchukue."

Dobi alifungua kinywa ashukuru, shukrani isije. Hapakuwa tena na kitu chochote kati yake na ndege ile.

"Mbona umenywea, dada?" Fundi alimtazama kwa upole. "Ulitaka nikatae?"

Dobi akainama kurekebisha kandambili ambayo haikuwa na kasoro.

"Nakuuliza kwa sababu njia hiyo naijua," fundi akaendelea. "Mwanangu aliniita. Tiketi ilikuwepo, kizimba kilikuwepo. Nikampigia nikamwambia paka amegoma kuingia, nami siwezi kumwacha. Akaniamini, yule kijana, nilimlea kwa heshima. Paka aliingia, dada. Aliingia akalala usingizi. Aliyegoma ni mimi."

"Na mwanao?"

"Hajambo. Ananipigia. Akipiga huanza na paka: paka hajambo? Anakula? Magoti yangu haya yanavyouma hajui, lakini paka anamjulia hali." Akacheka kidogo, peke yake. "Nilimfundisha mwenyewe, si kosa lake."

Dobi aliaga akaenda. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi hakupita kwa fundi waende kwa daktari kama walivyokubaliana. Alichukua shuka la kwanza akalipiga pasi, akalikunja, akalikunjua, akalipiga tena. Karani alikuwepo juu ya rundo kama kawaida yake. Dobi akazima pasi. Akasimama katikati ya chumba, mikono mitupu, akaomba. Na mara hii alikaa palepale, hakukimbia. Kisha akachukua simu.

"Nakuja," akamwambia binti.

"Na Karani ameshapata chanjo?"

"Karani haji. Ana mwenyewe."

Sauti ya binti ikaja imechoka. "Haya, mama. Basi nimeelewa. Huji."

"Hujanisikia. Nimesema paka haji. Mimi nakuja."

Binti alianza kulia, akijaribu kuficha kwa kukohoa. Dobi naye akakohoa. Wakakoholeana hivyo mpaka salio likaisha.

Siku ya safari ikapangwa, ndege ikawa ya asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo, dobi akabeba kile kizimba kichwani hadi mtaa wa nyuma, akakitua mlangoni kwa fundi.

"Siku ile nilikusubiri twende kwa daktari mpaka nikachelewa kazini," fundi akasema. "Sasa hiki cha nini?"

"Kulalia. Amekipenda. Wewe usiende kwa daktari, mzee wangu. Paka abaki na chipu yake, abaki na wewe."

"Nilikupa kwa moyo mmoja, dada, sikukupima."

"Najua. Ndiyo maana namrudisha." Dobi akakaa. Hakutulia, alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya nguo yake. "Nikifika naye kule, najijua. Nitakaa nimemkumbatia paka, binti yangu atakaa pembeni ananitazama. Mtu akija kunisalimia nitamwonyesha paka. Mjukuu atazaliwa nitasema ngoja kwanza nimpe paka maji."

Fundi alitaka kucheka, akaacha. Paka alikuwa hapo katikati yao, anajilamba mguu.

"Na mimi je?" fundi akauliza. "Sasa huyu atakuwa wangu mchana na usiku. Sijazoea."

"Mchukue uende naye kazini. Akukagulie viatu."

"Na mwanangu je, akipiga?"

"Mpigie wewe. Akiuliza paka, mwambie kwanza magoti."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyekamatwa. Giza lilikuwa linaingia, na dobi alikuwa bado na begi la kufunga, na makoti ya hospitali ya kurudisha, na kigoda cha kumpa mama wa duka kwa mara ya mwisho. Alisimama kwenda, akafika barabarani, akasimama. Akarudi hatua chache. Hakumtazama paka, alimtazama fundi usoni.

"Mzee wangu, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Kesho asubuhi mfungie ndani mpaka gari langu liwe limeondoka. Akija akikaa mlangoni kwangu, mimi siendi."