Boti Iliyofika Salama

Juzi, bandarini Baraka, nilimwona mama mmoja akiwashusha wanawe kutoka kwenye boti iliyojaa kupita kiasi. Wanaume wakamcheka. Hasira zilinipanda, maana nilimkumbuka mama yangu.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tunaenda Ubwari, kwenye harusi ya shangazi, nami nilivaa gauni jipya. Boti ilinuka mafuta ya injini na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, maji yalikaribia ukingo wake, na mbele yetu wingu jeusi lilikuwa linanguruma.

"Shuka, mutoto yangu," mama akasema. "Hatuendi."

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake tukasikia kwamba boti ilifika salama na watu walicheza na kula wakashiba. Majirani wakamwita mama mwoga.

"Unaona, mama? Bote balifika!" nikamwambia. "Ulikosea!"

Mama aliendelea kumenya mihogo. "Sikukosea. Bale pia habakujua kama batafika. Balipata bahati tu."

Nilidhani anajitetea, nikamnunia siku mbili. Hadi leo nawakasirikia majirani wale, watu wazima, walioniacha mtoto niamini kwamba aliyebahatika ndiye mwenye akili.